Rimu nyepesi na tairi za dragi: pitia kwanza kwenye mizani ya sangara

Siku niliyojua nimepigwa nilikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi na mapema, mizani ya sangara inaning'inia mbele yangu afu badala ya samaki imebeba rimu. Jamaa wa mizani alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Rimu mpya niliyonunua, inchi 18, nyeusi, spoti kabisa kwa kuiangalia, ilikuja kilo 12 na nusu. Tukaning'iniza ile ya zamani niliyoivua, ya kiwandani, inchi 16, iliyokuja na gari toka Japani, kilo 8 na ushee. Yaani nimetoa hela yangu mwenyewe nikaongeza kilo 4 kila kona ya gari, na wiki nzima nilikuwa napita mjini najisifia kwamba sasa gari imekuwa nyepesi.

Toka hapo dogo yeyote mwenye Mark X au Altezza au Subaru akiniuliza "bro nichukue rimu gani nyepesi, na zile tairi za dragi je", yaani za mbio fupi za kunyooka, namjibu kwa swali, ulishaipima unayoitaka? Muuzaji atakwambia nyepesi, picha itakwambia nyepesi, wembamba wa spoku utakudanganya vizuri tu. Mizani haina mchezo. Elfu mbili ya soda kwa mpimaji wa samaki inakuokolea laki kadhaa.

Ila sasa uzito wenyewe una mambo yake, na hapa ndo watu wengi wanachanganya, kwa hiyo ngoja niende taratibu.

Chukua baiskeli, hizi Phoenix zetu za Usukumani, igeuze matairi juu. Funga vitambaa viwili vyenye mchanga kwenye spoku, kimoja huku kingine ng'ambo ya pili, karibu kabisa na habu pale katikati. Zungusha pedeli kwa mkono, sikia uzito. Sasa visogeze vitambaa vilevile mpaka nje kwenye rimu, zungusha tena. Mchanga ni uleule, kilo ni ileile, lakini mkono utakwambia gurudumu limekuwa zito kulianzisha na likishaanza halitaki kusimama.

Kwenye gari ni hivohivo. Kitu kinachozunguka kinaidai injini mara mbili, kwanza kisukumwe mbele kama mzigo mwingine wowote, afu kizungushwe. Kilo moja iliyoko usoni kabisa mwa tairi, kwenye meno, inahesabika kama karibu kilo 2 gari inapochanganya. Kilo moja kwenye ukingo wa rimu ya 17 ni kama kilo moja na nusu, na ile iliyoko katikati karibu na nati ni kilo moja na kachembe. Mwisho hapo. Ile habari ya vijiweni kwamba kilo moja ya rimu ni sawa na kilo 10 za bodi, hesabu inaikataa, hakuna sehemu kwenye gurudumu ambako inafika hata 3.

Tupige hesabu basi. Umefanikiwa kupunguza kilo 4 kila rimu, zote nne ni 16. Ukiweka na deni la kuzunguka unapata kama umeshusha kilo 22 hivi. Hiyo ni ndoo moja ya maji ya lita 20 na ndoo yake. Wamarekani waliozeeka kwenye dragi wana kipimo chao cha kukadiria, kwamba pauni 100, yaani kama kilo 45, ni sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye robo maili, ile mita 402. Kwa hiyo ndoo yako ya maji imekupa sekunde 0.05. Ukichelewa kuachia breki kwa kukohoa tu imeshaisha.

Simaanishi rimu nyepesi ni upuuzi. Faida yake kubwa unaikuta sehemu ambayo wengi hawaifikirii, kwenye matuta na mashimo. Gurudumu linaning'inia chini ya springi, shokapu ndo inalituliza, na likiwa zito likirushwa na tuta linachelewa kurudi chini, kwa hiyo kuna muda tairi haishiki lami vizuri. Shuka kwenye zile barabara za mawe za milimani huku kwetu na rimu ya kilo 12 afu rudi na ya kilo 8, huhitaji kipimo, kiuno kitakwambia. Usukani unakuwa mwepesi kidogo, breki zinapumua. Kwa gari ya kutembelea kila siku mimi hiyo naiona faida kubwa kuliko hiyo nusu ya kumi ya sekunde.

Afu kuna mtego mmoja ndani yake. Nimesema uso wa tairi unahesabika karibu mara 2 na rimu mara moja na nusu, maana yake kilo moja ya tairi ni ghali kuliko kilo moja ya rimu. Na tairi za saizi moja za kampuni tofauti zinaweza kupishana kilo moja mpaka mbili kila moja. Mtu anakopa kununua rimu nyepesi, afu anaishiwa, anavalisha tairi yoyote aliyoikuta, nzito, ngumu kama soli ya yebo, na ile faida yote imerudi ilikotoka. Pima tairi pia. Mizani ni ileile.

Sasa twende kwenye kinacholeta muda kweli, mpira.

Kwenye dragi mita 18 za kwanza, ndo zile futi 60 wanazozipima peke yake, zinaamua mbio zote. Tairi ikizunguka bure pale mwanzoni nguvu yako yote imegeuka moshi na kelele. Gari ya kuvuta nyuma yenye nguvu za kutosha, ikitoka kwenye tairi za kawaida kwenda za dragi, si ajabu kushuka toka sekunde 2.2 hadi 1.9 kwenye hizo futi 60, na wanaofanya hii kazi wanasema kila sehemu ya kumi unayoiokoa pale mwanzo mwishoni inakuja kama moja na nusu. Yaani tairi peke yake inakupa karibu nusu sekunde pale ambapo rimu za mamilioni zilikupa 0.05. Ndo maana nasema ukiwa na hela ya kitu kimoja anza na mpira, chuma kitafuata.

Lakini, na hii ni lakini kubwa, hilo ni kwa gari ambayo ina uwezo wa kuzungusha tairi. Mwanza tuko juu, ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa huku ni pungufu kwa kama sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na tabo inavuta hewa hiyohiyo pungufu na nguvu inapungua karibu hivohivo. Mark X ya 2.5, ile ya kwanza ya GRX120, karatasi za Japani zinasema farasi 215, ukiileta huku bila kuigusa na umri wake na mafuta yetu, sema 190 na Mungu akipenda. Ni otomatiki, ina kilo 1,500 na zaidi. Ukikanyaga kwenye lami kavu tairi za nyuma zinalia kidogo afu zinashika. Sasa unataka kuifungia tairi ya dragi ili ishike nini? Huenda ukaongeza uzito, gari itakuwa inavutwa na mpira laini kama inatembea kwenye ugali, na utaenda polepole kuliko mwanzo. Wenye tabo wanapona kidogo kwenye hili la mwinuko kwa sababu tabo inajazia hewa, kwa hiyo Chaser au Mark II yenye injini ya 1JZ ya tabo, Skyline, Evo ya Mitsubishi, Subaru STI iliyoongezewa nguvu, hao ndo wenye haki ya kuendelea kusoma sehemu inayofuata. Wengine mnunue tairi nzuri ya barabarani, mpya, tarehe ya karibuni, mtanishukuru.

Tairi za dragi ziko za namna mbili na zina tabia tofauti kabisa, usizichanganye.

Kuna sliki za zamani, nyuzi zake ndani zimepishana kama mkeka, ubavu wake laini sana. Ukiziona kwenye picha za polepole gari inapoondoka, ubavu unajikunja mikunjo kama shati lililokaa kwenye mfuko. Ule mkunjo sio kasoro. Nguvu ya injini inafika kwa kishindo, ubavu unajikunja unakimeza kile kishindo, afu unakiachia taratibu kwenye lami, kwa hiyo tairi haishtuki na difu na shafti hazipigwi nyundo. Zinatumia upepo mdogo mno, PSI 10 hadi 14 kwa gari za uzito wetu ni kawaida. Na zikishazunguka kwa kasi zinavimba zinakuwa ndefu, kwa hiyo mwisho wa mbio ni kama umebadilisha gia. Ubaya wake, kwenye mwendo zinayumba, gari inaogelea kama mtumbwi uliopakia vibaya. Kuziendesha barabarani ni kujitafutia.

Afu kuna radiali za dragi. Nyuzi zimelala upande mmoja kama tairi ya kawaida, ubavu mgumu zaidi, zina vijimfereji viwili vitatu kwa heshima ya sheria. Mickey Thompson, Hoosier, M&H, Nitto, wote wanazo. Hizi zinanyooka barabarani, unaweza ukatoka nazo nyumbani ukafika kwenye tukio. Upepo wake ni wa juu kidogo, wengi wanaanzia 20 wanashuka taratibu kuelekea 15 huku wanaangalia muda unasemaje. Ila zina roho mbaya moja, zikishaanza kuzunguka bure hazirudi. Sliki ukizidisha mguu itateleza kidogo afu itashika, radiali ikiachia imeachia, unainua mguu na mbio zimeisha. Kwa hiyo radiali inataka gari iliyofungwa vizuri nyuma, shokapu na bushi nzima, na dereva asiyekanyaga kama anaua mende.

Kosa ambalo linaua ni kuchanganya, radiali mbele na sliki za mkeka nyuma afu unaingia nazo barabara kuu. Mbele inageuka mara moja, nyuma inachelewa kufuata, kwenye kona ya ghafla au ukikwepa bodaboda nyuma inaweza kukupita. Kwenye strip, ile njia maalum ya mbio za dragi iliyonyooka, watu wanafanya na wanajua wanachofanya. Kutoka Igoma kwenda Kisesa saa 12 jioni, hapana.

Mpira wake ni laini mno kwa makusudi. Tairi zinazouzwa Marekani zina namba ya kulika iliyochapwa ubavuni, za kawaida utakuta 300, 400, 500, namba ikiwa kubwa inakaa muda mrefu. Za dragi nyingi utakuta 0, au 00, hazijisumbui kuficha. Na kila ukizipasha moto zikapoa zinakuwa ngumu kidogo, kwa hiyo hata ikiwa na mpira mwingi machoni inaweza kuwa imeshakufa. Hapo ndo uangalie sana hizi used zinazoletwa. Tafuta ile namba ya DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya dragi ya 2019 iliyokaa juani nje ya duka miaka mitatu, ndala nayo ina mpira mwingi. Bonyeza na ukucha, ukucha usipoacha alama ondoka.

Kitu kingine ambacho hakisemwi, hizo tairi zimetengenezwa kwa ajili ya strip zilizopakwa gundi, wenzetu wanamwaga dawa kwenye lami mpaka kiatu kinachomoka ukitembea. Hapa kwetu lami ni lami, ina vumbi, ina mchanga ulioanguka toka kwenye fuso, ina magamba ya dagaa ukiwa upande wa Mwaloni. Mpira laini unaokota kila kokoto na kuipiga kwenye madigadi, na juu ya vumbi unaizidi tairi nzuri ya kawaida kidogo tu kwa kushika. Kwa hiyo lazima uzichome kidogo kabla, maji kidogo, zungusha mpaka uone moshi mwembamba wa kwanza, basi, acha. Radiali hazitaki moshi wa harusi. Ukizidisha mafuta ya mpira yanapanda juu inakuwa kama umepaka sabuni.

Na mvua. Mnaijua mvua ya ziwa, hakuna wingu, dakika ishirini mbele Nyegezi yote ni mto. Tairi isiyo na meno haina pa kupitishia maji, inapanda juu ya maji kama mtu anayeteleza na sinia. Kuanzia Machi hadi Mei hizo tairi zikae stoo, na Oktoba hadi Desemba angalia mbingu. Mimi nasema zikae stoo muda wote isipokuwa siku ya tukio lenyewe, tukio lililofungiwa barabara na lenye kibali. Najua tangu lile daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 kuna watu wanaliangalia zile karibu kilomita 3 zilizonyooka juu ya maji wanameza mate. Acheni. Kuna mabasi, kuna malori, na pembeni ni ziwa.

Sasa turudi kwenye rimu, maana ukishaamua mpira ndo unajua unahitaji rimu gani. Na hapa mambo yanageuka kichwa chini. Mtaani fasheni ni kupanda, 16 kwenda 18 kwenda 19, ubavu wa tairi unabaki mwembamba kama chapati ya hotelini. Dragi wanashuka. Wanataka rimu ndogo nyuma, 15 au 16, ili ubavu uwe mrefu ujikunje vizuri, na rimu ndogo yenyewe ni nyepesi na chuma chake kiko karibu na katikati. Kinachokuzuia ni breki. STI au Evo yenye kalipa za Brembo inataka 17 kwenda juu, ukileta 15 haipiti kabisa. Chaser ya JZX100 yenye tabo ilitoka kiwandani na 16, kwa hiyo 16 unajua inakaa.

Ila ukibadilisha tairi piga hesabu ya kimo. Nyuma ya hiyo Chaser kiwandani ni 225/50R16, kimo chake milimita 631. Ukivalisha 255/50R16 inakuwa 661, imeongezeka karibu asilimia 5. Umeshapanda gia bila kujua, ni kama umetoa difu ya 4.1 ukaweka ya 3.9, gari inachelewa kuondoka, na dashibodi ikisema 80 wewe uko 84. Kwa Subaru na Evo, au gari yoyote inayovuta miguu yote, hili ni zito zaidi, tairi zote nne lazima ziwe kimo kimoja. Ukiweka ndefu nyuma na fupi mbele, difu ya katikati inadhani unakata kona muda wote, inachemka, na bei ya ile difu ni bora ungenunua ng'ombe. Kwa hao nunua nne au usinunue.

Rimu zinavotengenezwa nazo zinatofautiana, na bei inafuata huko. Rimu nyingi ni za kumimina, alumini imeyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu kama sufuria zile nzito za mafundi wetu. Sio mbaya, kiwandani gari nyingi zinakuja nazo, lakini ili ziwe imara lazima ziwe nene, na unene ni uzito. Za foji ni kama jembe la mhunzi, Warongo wa upande wa Geita enzi hizo wangeelewa mara moja, kipande cha alumini kinagandamizwa kwa mashine ya tani maelfu mpaka chembe zake zinalala zinabanana, kwa hiyo unaweza kuifanya nyembamba na bado ikabeba. Katikati kuna za kumimina ambazo pipa lake, ile duara pana inayovalishwa tairi, limepashwa moto likasukumwa na rola huku linazunguka, kama unavosukuma chapati lakini ya chuma, uso unabaki wa kumimina na pipa linakuwa jembamba na gumu. Enkei wana namna yao ya kufanya hivo, na kwa hela ya mtu wa kawaida naona ndo sehemu nzuri ya kusimama. Foji zenyewe kila mtu anaijua TE37 ya Rays, ilitoka 1996, na ile 37 kwenye jina ni uzito wake, rimu ya 15 kwa 6 ilikuwa kilo 3.7. Ukiuziwa TE37 ya 15 afu mizani ikasema 7, umeuziwa picha.

Angalia nyuma ya spoku. Rimu ya Kijapani ya kweli ina alama ya JWL, hiyo mtengenezaji anatangaza kwamba imefikia kiwango cha Japani, na nzuri zaidi ikiwa na VIA pembeni yake, maana hapo kuna chombo cha nje kilichothibitisha. Alama zinaigwa, hilo lipo, kwa hiyo sio dawa ya kila kitu, lakini rimu isiyo na alama yoyote, isiyo na saizi, isiyo na namba ya mzigo inayobeba, mimi siiweki kwenye gari inayobeba mama yangu. Na namba ya mzigo isome, kuna rimu za mashindano ni nyepesi kwa sababu hazikupangiwa kubeba watu watano na gunia mbili za mchele wa Kahama kwenye buti.

Zile zangu za kilo 12 na nusu mwisho wake ulikuwa hivi. Shimo moja tu, usiku, mvua imelijaza maji nikaona ni dimbwi. Ya mbele kushoto ikapasuka kwenye ukingo wa ndani. Fundi akaichomelea, ikapendeza, ikashika upepo siku nne afu ikafunguka pembeni kidogo ya pale alipochomelea. Baadae ndo nikaelewa, alumini ya rimu imepikwa na moto maalum kiwandani ili iwe ngumu, ukirudi kuichoma na gesi ule ugumu unaondoka kuzunguka pale ulipochoma, inabaki laini kama ya sufuria. Foji ikipigwa na shimo kwa kawaida inapinda kwanza, na ikipinda kidogo inanyooshwa kwa mashine bila moto. Iliyopasuka ni ya kuuza skrepa, ya aina yoyote ile.

Habari ya rimu kukaa kwenye gari nitapita haraka. Toyota hizi za Mark X, Altezza, Crown na Chaser ni matundu matano ya nati kwenye duara ya milimita 114.3, na tundu la katikati ni 60.1. Subaru za zamani ni tano kwa 100, STI kuanzia 2005 ikahamia 114.3, tundu la katikati 56.1. Tundu la rimu likiwa kubwa kuliko habu weka ringi ya kujazia, la sivyo gari itatetemeka ukifika 90 na utazunguka gereji zote za Nyakato unabalansi tairi ambazo hazina kosa. Ofseti nayo, ile namba ya ET inayosema rimu inakaa ndani au nje kiasi gani, ikishuka sana rimu inatoka nje, inakwaruza digadi na beringi zinaanza kulia mapema.

Nati ndo zinazosahaulika na ndo zinazong'oa gurudumu. Toyota, Mitsubishi na Honda uzi wake ni milimita 12 kwa 1.5, yaani unene wa bolti na nafasi kati ya uzi na uzi, Subaru na Nissan 12 kwa 1.25, zinafanana kwa macho na ukilazimisha kwa mashine ya upepo inaingia huku inakula uzi. Afu alloy nyingi za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa, rimu za kununua zinataka nati ya koni. Nati bapa kwenye tundu la koni inashika kwa ncha tu, unaikaza inakazika, ukifika Usagara imelegea.

Jamaa yangu mwenye Chaser mwishowe alifanya hivi, alibaki na rimu zake za kiwandani kwa ajili ya kila siku, akatafuta pea moja tu ya 16 ya Enkei used, ikaja na basi toka Dar, tukaipeleka Mwaloni ikasoma kilo 6 na nusu, akavalisha radiali za dragi mbili. Fundi pancha alitaka kuweka tyubu ndani, tukamzuia, hiyo ni mambo ya sliki za mkeka. Zinakaa stoo ndani ya gunia jeusi mbali na jua. Siku ya tukio anaenda nazo kwenye buti na siti ya nyuma, jeki na spana ya torki, anazifunga palepale, kwa Toyota nati ni Nm 103, sio kwa kuruka juu ya spana. Anachora mstari wa chaki toka kwenye tairi hadi kwenye rimu, maana upepo ukiwa mdogo tairi inaweza kuteleza kwenye rimu, na mstari ukiachana anajua upepo ameshusha mno. Mbele anajaza mpaka 40 ili zisivute. Zikiisha mbio anarudisha zake za kawaida na kukagua nati tena akifika nyumbani. Jamaa wa mizani bado anamdai soda.